Kitufe cha Kughairi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji, pamoja na wanangu. Natumaini mko salama, kile kifua cha mdogo kimeachia, na yule mkubwa ameanza kula mboga bila kuahidiwa zawadi. Sisi huku wazima kabisa. Mimi sina la kulalamikia isipokuwa kiti cha ofisini kinachoniua mgongo. Baba anakula, analala, na kila asubuhi anabishana na redio kana kwamba mtangazaji anamsikia. Kuhusu jicho lake, tulia, nitafika huko. Nakuomba tu usirukie ukurasa wa mwisho, maana nakujua.

Utajiuliza kwa nini nimekaa kukuandikia barua wakati simu zipo. Mara ya mwisho tulipoongea ulinipa vidonge vyangu, ukanikatia, na kila nilipopiga tena simu yako iliita mpaka ikachoka. Sikulaumu hata kidogo. Ni Baba aliyesema niandike. Alisema simu ina mahali pa kukatia na barua haina. Mtu akiikasirikia ataitupa mezani, baadaye ataiokota. Kwa hiyo ukifika mahali pa kukasirika, itupe, kanywe chai, urudi.

Sasa nikueleze jambo lenyewe tangu mwanzo, kwa sababu siku ile hukunipa nafasi, na mimi sikuitafuta.

Unajua kazi yangu hapa hospitali ya macho. Kitengo chetu cha kompyuta kiko ghorofa ya juu, mwisho wa korido, katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Bado kinanuka sabuni. Mkuu wetu wa kitengo sisi tunamwita Bwana Haraka, maana kwake kila kazi ilitakiwa jana. Ni mtu mwema, lakini hata akikuuliza kama umekula unahisi umechelewa.

Kabla ya mambo haya, wagonjwa waliosubiri upasuaji wa mtoto wa jicho walikuwa wakipigiwa simu mmoja mmoja na muuguzi wa mapokezi. Unamkumbuka, yule mnene wa kicheko kikubwa uliyemwona ulipokuja kunitembelea. Asubuhi nzima ilikuwa ikiishia kwenye simu huku foleni imemkodolea macho. Bwana Haraka akaniambia nitengeneze ukurasa wa mtandaoni. Mgonjwa anapata meseji yenye kiungo, anakigusa, ukurasa unafunguka kwenye simu yake, anamaliza mwenyewe.

Nikautengeneza, na nikaupenda. Juu kuna jina la mgonjwa na tarehe ya upasuaji. Katikati kuna kisanduku cha kuandika namba ya ndugu atakayemsindikiza. Chini kuna vitufe vitatu vimepangwa kwenye mstari mmoja: Ghairi, Badilisha Tarehe, na Thibitisha.

Siku ile kwenye simu ulinifokea ukasema ni nani aliyewahi kuona fomu moja yenye vitufe vitatu, kwa nini nisitengeneze fomu tatu tofauti. Naomba nijitetee kwa hilo tu. Ningetenganisha, mtu angeandika namba ya ndugu yake upande mmoja kisha akabadili mawazo, akalazimika kuiandika tena upande wa pili. Fomu moja yenye vitufe vingi si kosa. Kila kitufe kina neno lake kinalolibeba. Ukigusa Thibitisha, ile namba uliyoandika inasafiri mpaka kwenye kompyuta ya hospitali ikiwa na neno "thibitisha" ubavuni. Ukigusa Ghairi, inasafiri na neno "ghairi". Maneno ya vitufe visivyoguswa hayaendi popote. Kompyuta ya hospitali inasoma neno lililofika na kufanya lililoombwa. Hakuna uchawi.

Kosa langu lilikuwa la mpangilio. Nilikiweka Ghairi mwanzo kabisa, kushoto, kwa sababu Bwana Haraka alitaka Thibitisha kiwe kulia, kikubwa, cha kijani, pale dole gumba linapofikia. Machoni kulipendeza. Nikajaribu ukurasa mara nyingi, nikigusa kitufe hiki, nikigusa kile, kila kimoja kikafanya kazi yake. Nikauachia.

Nilichokisahau ni watu wasiogusa kitufe chochote. Mtu akimaliza kuandika namba, pembeni mwa kibodi ya simu yake kuna kitufe chenye mshale, kile ambacho kwenye kompyuta tunakiita enta. Watu wazima wengi, hasa walioanza kazi kwenye taipureta na mashine za hesabu, wakimaliza kuandika hubonyeza hapo kama mtu anayefunga mlango nyuma yake. Sasa ukibonyeza enta, simu haijui ulitaka kitufe kipi. Hakuna ulichokitaja. Basi yenyewe inachukua kitufe cha kwanza kwenye fomu, inajifanya umekigusa. Na cha kwanza changu kilikuwa Ghairi.

Tuligundua asubuhi moja ya kawaida. Nilikuwa nimekaa tu nikavua sweta pale muuguzi wa mapokezi alipotokea mlangoni anahema, amepanda ngazi zote kwa miguu yake. Hakunisalimu. Akaniuliza kama nina habari kwamba wagonjwa wa jiji zima wamepona. Nilidhani ni utani, nikacheka. Akasema daktari amekwisha nawa mikono, vifaa vimechemshwa, na benchi la nje lina mzee mmoja tu, ambaye naye kwenye orodha anaonekana ameghairi.

Nikashuka naye. Mzee alikuwa amevaa suti kamili, kama anakwenda kuposa, na mjukuu wake wa kike kando amebeba shuka. Nikamwomba kwa heshima anionyeshe alivyofanya alipopata meseji yetu. Akatoa simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, nikamfungulia ukurasa wa majaribio. Akaandika namba ya mjukuu taratibu, tarakimu kwa tarakimu, huku akizitaja kwa sauti. Alipomaliza akabonyeza ule mshale wa pembeni, akanirudishia simu akiwa ametosheka. Kwenye kioo paliandikwa: "Miadi yako imeghairiwa."

"Umeona?" akaniambia. "Nimethibitisha."

Nikamwomba muuguzi ampeleke mzee kwa daktari mara moja, na hivyo alipata upasuaji wake akiwa na suti yake. Mimi nikapanda juu, nikamwambia Bwana Haraka kila kitu nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningelia. Nilitegemea anifokee. Akaniuliza tu itachukua muda gani kutengeneza.

Haikuchukua muda, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimemaliza. Nilikiweka mbele ya vyote kitufe kipya, Hifadhi Namba, ambacho kazi yake ni kutunza ile namba na kukurudisha palepale, basi. Mtu akibonyeza enta sasa, linalotokea ni hilo tu, halina madhara. Na Ghairi nikakipa mlinzi. Ukikigusa, ukurasa mwingine unafunguka na kukuuliza: "Una uhakika unataka kughairi upasuaji wako?" Chini kuna Hapana na Ndiyo. Mpaka uguse Ndiyo kwa kidole chako mwenyewe, miadi yako haiguswi.

Wale waliokwisha kufutwa ilikuwaje? Wengi walikuwa wamesomewa maneno yale ya kughairiwa, wakadhani ni hospitali iliyowafuta, wakabaki nyumbani. Bwana Haraka, kwa ile haraka yake, alisema niwarudishe wote kwa mkupuo. Nikawarudisha. Kila mmoja akapata meseji kwamba miadi yake imerudi na anasubiriwa. Nikavuta pumzi, nikadhani yamekwisha.

Kesho yake alikuja mama mmoja fundi cherehani, tepu ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani kwenye blauzi. Alipiga kaunta kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka. Akauliza kwa sauti ni nani aliyemrudisha. Muuguzi akampooza, akamwambia kulikuwa na hitilafu, tumesahihisha.

"Hitilafu ya nani?" mama akasema. "Mimi nimeghairi kwa akili zangu timamu! Binti yangu anajifungua wiki hiyohiyo, mimi nitakaa na bandeji machoni nimpokelee mtoto kwa kupapasa? Mtu akisema hapana kwenu hasikiki?"

Watu wa foleni wakaangua kicheko, hata muuguzi kicheko kilimponyoka, lakini mimi sikucheka. Mama alikuwa na haki yake. Kwenye kompyuta, aliyeghairi kwa kuteleza na aliyeghairi kwa kukusudia walifanana kabisa. Wote walileta neno lilelile. Nami nilikuwa nimewaamulia wote kwamba hawakujua wanachofanya. Nikamwomba radhi. Akaniangalia kwa jicho lake moja zuri, akaniuliza kama nimeolewa, nikasema bado, akasema ndiyo maana. Sijui alimaanisha nini. Tulimpangia tarehe nyingine, akaondoka akiimba.

Baada ya hapo tuliacha mikupuo. Mimi na muuguzi tulikaa tukapiga simu kwa kila mmoja, tukimuuliza: wewe ulitaka nini? Wengine walishukuru. Mmoja alidhani sisi ni matapeli, akatutukania ukoo. Mwingine alituweka kwenye simu akatueleza maisha yake yote tangu utoto, na mwisho akasema ndiyo, atakuja. Mzigo ulipungua, siku ikazoeleka, benchi la nje likajaa tena watu wenye mashuka mapajani. Nilimsimulia Baba mkasa huo, nikakusimulia na wewe, unakumbuka, ukanicheka na kuniambia nishukuru sijafutwa mimi kazi.

Ndipo zamu ya Baba ilipofika.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Ulimpigia Baba kumuuliza tarehe ya upasuaji ili uombe ruhusa kazini uje. Akakwambia hakuna tarehe, mashine ya hospitali imemfuta kama ilivyofuta wengine, na sasa nafasi imekwenda. Ukanipigia jioni hiyohiyo. Nilikuwa nakatakata vitunguu, nikaweka simu juu ya meza kwa sauti kubwa, na nikaisikia sauti yako ikijaza jiko. Ulisema wageni niliwashughulikia mmoja mmoja, baba yangu mzazi nikamwacha. Ulisema tangu utoto nafanya mambo nusu nusu halafu natabasamu. Ulisema mengi. Mimi nikasema "Nisamehe, dada," ukakata.

Sikujitetea, na nilikuwa na la kusema.

Dada, fomu yangu haikumfuta Baba. Alijifuta mwenyewe.

Itupe barua mezani kama unataka. Nakusubiri.

Meseji ya Baba ilitoka siku kadhaa baada ya ukurasa kutengenezwa. Bwana Haraka alikuwa ameniagiza nipitie kila asubuhi majina ya walioghairi, kuhakikisha hakuna kasoro nyingine. Asubuhi hiyo nikaliona jina la baba yetu. Nililisoma kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe kwenye tangazo la kifo. Nikachunguza, nikachunguza tena. Alikuwa ameandika namba yangu kwenye kile kisanduku. Akagusa Ghairi. Akaulizwa kama ana uhakika. Akagusa Ndiyo. Hakuna enta ambayo ingeweza kumfikisha pale.

Uliponipigia jioni ile na kunieleza Baba alivyosema, ndipo nikaelewa kwamba ameficha alichofanya. Ningekwambia ukweli, ungemgeuzia yeye yale maneno yote, na mtu mzima anaaibika vibaya akishikwa kwenye uongo mdogo. Nikaona bora niyameze mimi. Na niseme kweli yote: kuna sehemu yangu iliyoona nastahili. Kwa Baba sikukosa, lakini kwa wale wengine nilikosa kweli, na hakuna hata mmoja wao aliyenifokea ipasavyo. Wewe ulinifokea kwa niaba yao.

Jumamosi nilikwenda kwenye kibanda chake cha kutengenezea saa. Nilimkuta amekaa kwenye kile kiti kirefu, meza imejaa saa za ukutani. Unajua Baba na saa za mkono. Watu walikuwa wakimletea kutoka mitaa ya mbali, hata zile ndogo za kike zenye skrubu kama chembe ya mchanga. Nilipotazama rafu, hapakuwa na hata moja. Nikiwa pale akaja dada mmoja na saa yake ya mkono iliyosimama. Baba akaipokea, akaizungusha, akamrudishia. Akamwambia ameacha kutengeneza saa za mkono, kwani siku hizi watu wote wanatazama saa kwenye simu. Yule dada akamwonyesha mkono wake mtupu, akasema yeye hatazami kwenye simu ndiyo maana ameileta. Baba akajifanya anatafuta kitu chini ya meza mpaka mteja akaondoka.

Nikakaa kwenye stuli. Akachukua saa ya ukutani akaanza kuifungua. Skrubu ikamponyoka, ikaanguka palepale mbele yake, mahali ambapo hata mimi niliiona. Yeye akaitafuta kwa kupapasa, vidole vinatambaa juu ya meza, vinaikosa, vinarudi. Nikataka kumwokotea nikajizuia. Alipoipata, nikapiga moyo konde.

Nikamwambia, "Baba, siku uliyoghairi, ukurasa ulikuwa umeshatengenezwa. Ulikuuliza kama una uhakika."

Akaiweka skrubu kwenye kifuniko cha saa. Saa zote zilikuwa zikigonga, kila moja kwa wakati wake. Mwishowe akasema, "Uliniuliza kwa adabu sana. Ni wewe uliyeandika maneno yale?"

Nikasema ni mimi.

"Nilijua. Nikaona aibu kukujibu ndiyo. Lakini nikajibu."

Kisha akanieleza, dada, bila kuniangalia, huku anasafisha bisibisi ambayo haikuwa chafu. Jicho lenye mtoto ni la kulia, lile analobana kioo cha kukuzia. La kushoto, alisema, ni la kutazamia njia na kujua nani kaingia. La kulia ndilo lililotusomesha mimi na wewe. Hata likiwa na ukungu, bado ni lake, analizoea kila siku kidogo kidogo. Lakini mtu asiyemjua aingize kisu mle ndani?

"Mimi nikiharibu saa ya mtu, namtafutia nyingine," akasema. "Daktari akiniharibia jicho, ataniletea la nani?"

Akaendelea kusema kwamba hakukusudia kunichongea kwako. Ulipompigia na furaha ya kuja, akashindwa kukwambia kwamba ameogopa, na mashine ilikuwa karibu, haina mdomo, akaisingizia. Hakufikiri kwamba mashine ina mwenyewe. Jirani ndiye aliyemdokeza baadaye kwamba anasikia wewe na mimi hatuongei. Tangu hapo, alisema, chakula hakishuki vizuri. Hapo akaniangalia.

Ningeweza kumrudisha. Naapa nilikuwa na uwezo huo. Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, ningemrudisha kwenye orodha. Nikamkumbuka yule mama fundi cherehani alivyouliza kama mtu akisema hapana kwetu hasikiki. Nikamwambia Baba sitambonyezea. Ila kama anataka, aje azungumze na daktari, si kama mgonjwa, kama fundi. Akasema kuangalia vifaa tu hakuna ubaya.

Akaja, dada. Amenyoa ndevu. Daktari wetu wa upasuaji ni mwanamke mfupi, mpole, mwenye subira ya ajabu. Akamkaribisha ofisini, akamwekea mezani vifaa kwenye kitambaa, na ile lenzi ndogo inayowekwa ndani ya jicho ikiwa kwenye kikasha chake. Baba akavaa kioo chake cha kukuzia kwenye jicho la kushoto, kwa shida, akavikagua kimoja kimoja. Akauliza ncha ile inanolewa na nani. Akauliza kwa nini kibano kimepinda. Akakishika, akakibana hewani, akakiri kwamba kinazidi cha kwake. Nilianza kuona mabega yake yanashuka.

Halafu akamwambia daktari, "Mwanangu, nyoosha mkono."

Nilitamani sakafu inimeze. Daktari hakushangaa. Akaunyoosha mkono wa kulia juu ya meza, vidole vimetandazwa, akautuliza. Baba akainama akautazama kama anavyotazama gurudumu la saa, muda mrefu. Mkono ule haukutikisika hata unywele. Baba akauliza kama amepata chai asubuhi hiyo. Daktari akasema amekunywa vikombe viwili. Baba akaketi vizuri.

"Haya," akasema.

Nje, kwenye benchi, alidai nimtumie meseji upya kama mgonjwa yeyote, hakutaka upendeleo. Muuguzi akaituma. Baba akafungua ukurasa, akaandika namba yangu, nami nikakaa kando yake mikono nimeiweka chini ya mapaja ili isimsaidie. Kidole chake kikapita juu ya Ghairi kikasita kidogo. Kikasogea. Akagusa Thibitisha kwa nguvu mpaka simu ikataka kuanguka. Muuguzi akapiga vigelegele, foleni nzima ikageuka.

Hukuambiwa tarehe kwa sababu alikataza. Alisema ukija utamtia woga zaidi, na kama mambo yangeharibika, angependa ujue polepole. Basi yamekwisha, na hayakuharibika. Bandeji ilipofunguliwa alikaa akipepesa, macho yanamwagika machozi ya dawa. Akamtazama muuguzi, akamtazama daktari, akanigeukia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno zito. Akasema, "Kumbe umenenepa."

Tangu amepona hatupumui. Ameona utando wa buibui darini ambao anadai umekuwepo tangu zamani na mimi namficha. Ameona kwamba kuta za sebule si nyeupe. Jana nimemkuta kibandani, yule dada wa saa ya mkono ameketi kwenye stuli akisubiri, na Baba ameinama, kioo kimebanwa jicho la kulia, anapuliza vumbi kwa pumzi nyembamba. Hakuniona nilipoingia. Nikasimama mlangoni nikamwangalia mpaka nikachoka kwa raha.

Nilimwomba ruhusa nikueleze ukweli, akanipa. Akasema niandike yote bila kumpaka mafuta, na yeye ataongeza lake chini. Kwa hiyo sina ninachokuficha tena. Wala sidai uniombe radhi. Natamani tu simu yangu ikipigwa huko ipokewe, maana nimekosa hata mtu wa kumsengenya Bwana Haraka.

Nibusie wanangu, mkubwa na mdogo. Mwambie shemeji tunamshukuru kwa kukuvumilia. Ukipata ruhusa kazini, njoo hata kwa siku chache. Baba anataka kukuona, na safari hii anamaanisha kukuona.

Wasalaam,
Mimi mdogo wako akupendaye sana.

*

Mwanangu mkubwa,

Naandika kwa mkono wangu, bila kioo. Mambo yote aliyoeleza mdogo wako ni kweli, ila amepunguza kuhusu utando wa buibui; ni mwingi kuliko alivyosema. Nilisingizia mashine kwa sababu niliona haya kukwambia baba yako ameogopa. Mpigie simu mdogo wako leo, usingoje kesho. Yeye hakunifuta. Kidole kilikuwa changu.

Baba yako